Nyumba na Vyombo Vyake: Sauti Inayovunjika Njiani

Katika nyumba nyingi za askari na polisi, tangu mistari ya kambi ya Jinja hadi Moroto, na hadi nyumba za Nsambya, liko sanduku chini ya kitanda ambalo watoto hawaruhusiwi kulichezea. Ndani yake mna sahani za santuri zilizonunuliwa kwa mishahara ya zamani, na kaseti zilizoandikwa majina kwa kalamu ya wino: nyimbo za Kongo, kwaya, kaswida, harusi ya shangazi, na pengine kaseti moja au mbili zisizo na muziki wowote, bali sauti ya mtu. Kwani katika miaka ya 1970 na 1980 walikuwapo watu ambao, badala ya kuandika barua, walinena mbele ya redio kaseti, wakampa mwenzao anayekwenda likizo aufikishe ujumbe nyumbani. Baadhi ya hao walionena hawapo tena.

Mwaka 2019 shirika la UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti, walitoa tahadhari juu ya tepe za sumaku duniani kote. Hatari waliyoitaja haikuwa kuchakaa kwa tepe peke yake, bali pia kutoweka kwa mashine za kuzichezea, vipuri vyake, na mafundi wanaozifahamu. Basi kijana anayeketi leo na kompyuta ili azihamishe sauti za wazazi wake anafanya kazi ya heshima. Ila yako malalamiko ambayo hurudi kila mara katika kazi hiyo: sauti iliyokuwa ikisikika vizuri inatoka ndani ya kompyuta imepasuka, inakwaruza, mithili ya mtu anayesemea ndani ya debe. Na hukumu inayofuata huwa ya haraka mno. Husemwa kwamba kaseti imeoza, au sahani imekwisha, na chombo hicho hutupwa pamoja na takataka.

Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Sauti hutoka kwenye utepe au kwenye sahani ikiwa nzima, ikavunjwa njiani kabla haijafika.

Na ichukuliwe mfano wa nyumba moja ya kambini. Mama mjane anayo kaseti ya marehemu mumewe, aliyekuwa sajini. Humo anawasalimu watu wa nyumbani mmoja mmoja na kutoa maagizo juu ya ng'ombe na karo. Mwanawe, ambaye sasa ni koplo, ameazima kompyuta ya mkononi, akachukua waya mwembamba, akaunganisha tundu la visikilizio la redio na tundu la kompyuta, akarekodi. Sauti ya baba ikatoka imekatika-katika, kila neno lina miba. Koplo akasema, "Mama, kaseti hii imeoza, hapana cha kuokoa." Naye mama akajibu, "Mwanangu, mbona kwenye redio baba yako anasema vizuri?"

Swali hilo la mama ndilo kipimo cha kwanza, na kwa hakika ndilo kubwa kupita vyote. Kila askari wa mawasiliano anajua kwamba waya wa simu ukikatika hauchunguzwi wote kwa pamoja. Huanziwa kituo cha kwanza, ikithibitika kwamba hapo pana sauti husogelewa kituo cha pili. Vivyo hivyo hapa. Visikilizio vichomekwe kwenye redio kaseti yenyewe, au kwenye amplifaya ya gramafoni, na sauti isikilizwe hapo kabla ya kompyuta kuguswa. Ikiwa hapo ni safi, basi kaseti haina hatia na dosari itafutwe mbele. Ikiwa hapo tayari imevunjika, kompyuta haina hatia, na dosari itafutwe nyuma, kwenye kichwa, kwenye sindano, au kwenye utepe. Watu hupoteza siku nzima wakibadilisha programu za kompyuta kwa sababu ya vumbi lililoshika sindano.

Katika nyumba ya mfano huu dosari ilikuwa mbele, nayo ndiyo ya kawaida kuliko zote: sauti ilipitishwa katika tundu lisilo lake. Tundu la maikrofoni limetengenezwa kupokea umeme mdogo mno, milivolti chache tu, kwa kuwa maikrofoni haitoi zaidi ya hapo. Tundu la visikilizio la redio hutoa milivolti mia kadhaa, na kitufe cha sauti kikifunguliwa sana huweza kufikia hata volti nzima. Kumimina umeme huo katika tundu la maikrofoni ni kama kufungua bomba la zimamoto ndani ya kikombe cha chai. Kompyuta kubwa za mezani kwa kawaida huwa na matundu matatu nyuma: la waridi ni la maikrofoni, la kijani ni la kutolea sauti, na la buluu ndilo la kupokelea sauti kutoka redio, amplifaya au gramafoni. Hilo la buluu ndilo linalotakiwa. Kompyuta nyingi za mkononi hazina tundu la buluu. Zina tundu moja tu la visikilizio na maikrofoni kwa pamoja, na plagi ya kawaida ikiingizwa humo huenda kompyuta isiusikie waya kabisa, ikarekodi kwa maikrofoni yake yenyewe iliyofichwa karibu na kioo. Hapo sauti hutoka na mwangwi wa chumba, kuku wa nje, na mlango unaofungwa.

Ipo njia rahisi ya kuligundua hilo. Wakati wa kurekodi, ukucha ugonge ubavu wa kompyuta mara mbili tatu. Mgongo huo ukionekana katika mchoro wa sauti, basi kompyuta inasikiliza chumba, haisikilizi waya.

Tiba ya kudumu ni kijisanduku kidogo cha kupokelea sauti kinachochomekwa katika tundu la USB, chenye matundu mawili, la kushoto na la kulia, yaliyoandikwa LINE. Vipo vya bei nafuu, na kwa kazi ya nyumbani vinatosha. Mwenye gramafoni au redio yenye matundu ya LINE OUT au REC OUT ayatumie hayo badala ya tundu la visikilizio, kwa maana umeme wake haubadiliki kwa kitufe cha sauti. Asiye na uwezo wa kununua kijisanduku, naye akiwa hana budi kutumia tundu la maikrofoni, aanze na kitufe cha redio kikiwa kimefungwa karibu kabisa, kisha akipandishe taratibu, huku akiwa amezima katika mipangilio ya kompyuta ile nyongeza ya nguvu ya maikrofoni, ambayo kwa kawaida huongeza desibeli 10, 20 au 30 bila kuombwa. Na azime pia vile vichujio vya kupunguza kelele. Vimeundwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Vikikutana na gitaa au ngoma hudhani ni kelele na kuitafuna.

Baada ya mlango kupatikana, yafuata kiasi. Hapa inafaa ieleweke jinsi kompyuta inavyoihifadhi sauti, kwa maana haiihifadhi kama utepe. Huipima mara 44,100 katika kila sekunde, kwa kadiri ya kipimo cha CD, na kila kipimo huandikwa kwa nambari. Katika mfumo wa biti 16 zipo nambari 65,536 tu, nusu juu ya sifuri na nusu chini. Sauti ikizidi nambari ya mwisho hapana pa kuiandika. Kompyuta huiandika nambari ileile ya mwisho, tena na tena, mpaka sauti ishuke. Wimbi lililokuwa na kilele cha mviringo hubaki bapa, kama kilima kilichosawazishwa kwa tingatinga, na ubapa huo ndio sikio linaousikia kuwa mkwaruzo.

Mafundi wa zamani walizoea kuuacha mshale wa kipimo uguse rangi nyekundu mara moja moja, kwa sababu utepe wa sumaku huinama polepole unapozidiwa, na kuinama kidogo hakuudhi. Kompyuta haina huruma hiyo. Basi kilele cha sauti kiachwe kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri, na nafasi inayobaki juu isionewe wivu. Kama kijisanduku kinaruhusu biti 24, zitumike, kwani humo sauti ndogo huandikwa kwa usafi hata ikiwa chini sana, na kurekodi kwa tahadhari hakuna gharama. Sehemu yenye kelele zaidi ya kaseti ichezwe kwanza kwa jaribio, kiasi kipangwe kwa hiyo, ndipo kazi ianze. Watu wengi hupanga kiasi kwa maneno ya mwanzo, wakati mzee bado anakohoa na kujiweka sawa. Akifika kwenye kicheko, kila kitu hupasuka.

Wapo wanaoona nyekundu kwenye kipimo wakashusha kitelezi cha kompyuta, nyekundu ikatoweka, na mkwaruzo ukabaki palepale. Hapo hushangaa, na huirudia kaseti kwa lawama. Sababu ni kwamba njia ya sauti ina milango kadhaa, na kila mlango una kimo chake. Sauti ikigonga kichwa katika mlango wa kwanza, kushusha mlango wa pili hakuponyi jeraha. Huionyesha sauti iliyovunjika ikiwa ndogo zaidi. Dalili yake huonekana wazi katika mchoro: vilele ni bapa, vyote kwa kimo kimoja, ilhali viko mbali na mstari wa juu. Dawa ni kurudi nyuma hadi kitufe cha redio na kupunguza hapo, kisha kuongeza mbele. Programu ya Audacity, ambayo hutolewa bila malipo na imekuwapo tangu mwaka 2000, inaweza kuonyesha kwa rangi nyekundu kila mahali palipogonga mstari wa juu kabisa; lakini ubapa wa namna hii, uliotokea kabla ya mstari, hautaupata. Huo hutafutwa kwa jicho na sikio.

Ziko programu zinazojaribu kuvijenga upya vilele vilivyokatwa. Hukisia umbo la kilima kwa kutazama miteremko yake. Zikipewa vilele vichache hufanya vizuri. Zikipewa hotuba nzima iliyosawazishwa hutoa bandia. Kurekodi upya ni bora mara mia, maadamu kaseti haijatupwa.

Sahani za santuri zina mambo yake, na hapa panastahili subira. Sahani ya plastiki haikukatwa na sauti kama ilivyo. Kiwandani sauti nene hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa na viwanda katika miaka ya 1950, ili mifereji isiwe mipana mno na kelele ya sahani isisikike. Wakati wa kucheza, kikuzaji maalumu hugeuza hesabu hiyo na kuirudisha sauti katika hali yake. Kikuzaji hicho ndicho kinachokaa nyuma ya tundu lililoandikwa PHONO. Kichwa cha sindano cha sumaku hutoa milivolti 5 hivi, na bila kikuzaji hicho sauti hutoka dhaifu, nyembamba, yenye kulia kama nyuki ndani ya chupa. Kijana akiona udhaifu huo hupandisha kila kitelezi hadi mwisho, hapo akaongeza mngurumo na mkwaruzo juu ya wembamba.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na siku hizi linazidi. Gramafoni nyingi mpya zina kikuzaji hicho ndani yake, pamoja na swichi ndogo nyuma yenye maneno PHONO na LINE. Ikiwekwa kwenye LINE na waya ukachomekwa katika tundu la PHONO la amplifaya, sauti hukuzwa mara mbili, na kinachotoka ni ngurumo isiyovumilika. Gramafoni ndogo za kubeba za zamani nazo, zile zenye kifuniko kama sanduku la nguo, kwa kawaida zina kichwa cha sindano cha kauri, ambacho hutoa umeme mwingi kuliko cha sumaku; nacho hakitaki tundu la PHONO. Basi kanuni ni kwamba sauti ipite katika kikuzaji cha PHONO mara moja tu ikiwa kichwa ni cha sumaku, isipite kabisa ikiwa ni cha kauri.

Nyaya zikiwa sawa na bado sauti inakwaruza, sindano itazamwe kwa kioo cha kukuzia. Mara nyingi huwa imevaa kofia ya vumbi. Isafishwe kwa brashi laini, kutoka nyuma kwenda mbele, kamwe isisuguliwe ubavuni. Kisha uzito wa mkono upimwe. Vichwa vingi vya sumaku hutaka gramu moja na nusu hadi mbili na nusu, na karatasi ya kiwanda husema kiasi kamili. Ipo imani kwamba mkono mwepesi huitunza sahani. Si kweli: mkono mwepesi kupita kiasi huifanya sindano irukeruke ndani ya mfereji, na kila mruko huchubua ukuta wake. Lakini na wale waliozoea kubandika sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke, walau wakati wa kuhamisha sauti waiondoe na wamtafute fundi, kwa maana sarafu hiyo huficha dosari na kula sahani.

Na iwapo mkwaruzo unazidi kadiri sindano inavyokaribia katikati ya sahani, hilo lina sababu yake. Sahani ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika huzunguka kwa mwendo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mzingo wa nje ni mrefu na wa ndani ni mfupi. Ukingoni, mfereji hupita chini ya sindano kwa kiasi cha sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na karatasi ya jina hupita kwa sentimita 21 tu. Sauti ileile imebanwa katika nafasi isiyofika nusu, na sindano iliyochakaa au iliyokaa upande hushindwa kuifuata. Wapenzi wa muziki wa Kongo wana bahati mbaya hapo, kwani nyimbo ndefu hujaza upande mzima, na sebene, ambayo ndiyo tamu yake, huangukia palepale panapobana. Sindano mpya na kichwa kilichonyooshwa sawasawa na mfereji hupunguza dosari hiyo sana, ingawa mfereji uliokwisha kuchubuliwa na sindano mbovu za miaka iliyopita haurudi.

Wazee waliotumika katika KAR huenda waliacha sahani nzito za mizunguko 78, zilizotengenezwa kwa utomvu wa shelaki. Hizo zina mifereji mipana, zahitaji sindano nene mara tatu hivi ya ile ya sahani za plastiki. Ikitumika nyembamba huburura chini ya mfereji na kuokota uchafu wote. Na zisifutwe kwa spiriti kwa hali yoyote. Spiriti huiyeyusha shelaki, na sahani husafishika moja kwa moja, mpaka sauti yake nayo. Hizo hufutwa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, na kukaushwa papo hapo.

Milio ya paku paku isichanganywe na mkwaruzo. Mlio unaorudi kila sekunde moja na nukta nane ni mkato katika sahani ya 33, kwa kuwa huo ndio muda wa mzunguko mmoja. Mlio usio na utaratibu huenda umetoka kwenye kompyuta iliyoelemewa, ambayo imeshindwa kuandika kwa wakati. Sehemu ileile irekodiwe mara mbili: mlio ukikaa mahali pake ni wa sahani, ukihama ni wa kompyuta, na programu nyingine zote zifungwe. Mngurumo wa chini usiokoma kwa kawaida ni umeme wa nyumba, ambao hapa Uganda huzunguka mara 50 kwa sekunde. Chaja ya kompyuta ichomolewe, ifanye kazi kwa betri yake. Mngurumo ukinyamaza, mwenye kosa amekwisha kujulikana.

Kaseti nayo ina sharti moja kabla ya jambo lolote, nalo ni kuvunja vile vijimeno viwili vidogo vilivyo mgongoni mwake. Vikiwa vimevunjwa, redio haiwezi kurekodi juu yake hata kama kidole cha mtoto kitabonyeza kitufe chekundu. Sauti iliyofutwa haina fundi.

Kichwa cha kusomea utepe husafishwa kama mtutu wa bunduki: kabla ya kazi na baada ya kazi, wala haingojwi ilalamike. Kijiti cha pamba kilichochovywa katika spiriti safi hupitishwa juu ya kichwa na juu ya mhimili wa chuma mpaka pamba itoke nyeupe. Gurudumu la mpira lipitiwe kwa kitambaa chenye unyevu. Kichwa kichafu hufanya sauti izibe na kuyumba. Kisha ndani ya kaseti kitazamwe kile kipande kidogo cha sufi kinachousukuma utepe ukutane na kichwa. Katika kaseti za zamani gundi yake hukauka, kipande kikaanguka, na sauti ikawa hafifu na ya kupotea-potea. Hapo ndipo wengi husema utepe umeoza. Utepe ni mzima. Fundi mwenye mkono mtulivu aweza kuuhamisha katika ganda la kaseti nyingine, hasa ganda lenye skrubu.

Sauti iliyoziba hata baada ya kusafisha huenda yatokana na kichwa kutosimama wima kama kilivyosimama kile cha redio iliyorekodi. Ipo skrubu ndogo kando ya kichwa. Ikigeuzwa kidogo sana huku mtu akisikiliza, sauti nyembamba hufunguka ghafla kama dirisha. Lakini yafaa ifanywe na anayejua, na mahali pa kwanza pawekewe alama. Kitufe cha DOLBY nacho kiangaliwe. Kaseti isiyorekodiwa kwa mfumo huo ikichezwa kwa mfumo huo huzibwa bila sababu, na barua nyingi za sauti zilizorekodiwa katika redio za kawaida hazikuwa nao.

Liko jambo moja la barua hizo lisilopatikana katika kaseti za dukani. Aghalabu zilirekodiwa kwa betri, na betri zilipokuwa zikififia, injini ya redio ilipunguza mwendo. Kaseti kama hiyo ikichezwa leo katika mashine yenye mwendo kamili, wa sentimita 4.76 kwa sekunde, sauti ya baba hupanda taratibu hadi kufikia sauti ya kijana, na maneno hukimbizana. Watoto hucheka, na mama husema kwamba huyu si yeye. Hiyo pia si kuoza. Programu ya kompyuta huweza kupunguza mwendo kidogo kidogo kutoka dakika moja hadi nyingine, na anayefaa kuongoza kazi hiyo ni yule aliyeijua sauti ya marehemu. Aketi karibu na aseme ni wapi imefika mahali pake. Ila kwanza ihakikishwe kwamba si mashine ya leo yenye kosa: mkanda wake wa mpira ukilegea, kila kaseti itayumba, si moja tu.

Yako na mavunjiko ambayo hayana tiba. Mtu aliyenena huku mdomo umegusa maikrofoni, au bendi ya harusi iliyorekodiwa karibu na spika, aliuzidi utepe siku ileile, na mkwaruzo wake umo ndani ya sumaku. Ukisikika kwenye visikilizio vya redio iliyosafishwa, kwa kila kiasi cha sauti, na mahali palepale kila mara, basi ndivyo ulivyorekodiwa. Na urekodiwe hivyo hivyo, kwa kiasi cha chini, bila kuongezewa mwingine.

Majaribio yote haya yafanywe kwa kaseti isiyo na thamani na kwa sahani iliyokwisha kuharibika. Kaseti ya marehemu iletwe mwishoni, kila kitu kikiwa tayari. Kwanza ipelekwe mbele na kurudishwa nyuma mara moja, polepole, ili utepe uliokaa miaka ujilegeze. Na zile za dakika 120, ambazo utepe wake ni mwembamba mno, zishughulikiwe kwa uangalifu zaidi, kwani mashine mbovu huzimeza. Irekodiwe kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukatwa, pamoja na kikohozi na kimya chake. Faili la kwanza lihifadhiwe katika umbo la WAV bila kurekebishwa chochote; kwa kipimo cha CD saa moja huchukua megabaiti 635 hivi, na kijiti cha gigabaiti 32 hubeba saa 50. Marekebisho ya kelele na mwendo yafanywe katika nakala. Nakala moja ikae nyumbani na nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, na jina la msemaji, mahali na mwaka viandikwe katika faili lenyewe wakati bado yuko anayevikumbuka.

Kaseti irudishwe sandukuni ikiwa imesimama wima, utepe umezungushwa hadi mwisho, mbali na jua na mbali na spika, kwa sababu ya sumaku zake. Sahani nazo zisimame wima ndani ya makasha yake, zisilazwe moja juu ya nyingine.